Mkebe Wenye Jina la Mama

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kupokea vinyesi vya watoto wa watu. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu nimechoka na wanaonitaka nitafute njia laini ya kulisema jambo hilo. Nilikuwa fundi wa maabara katika mradi wa utafiti mjini Meru. Kila asubuhi masanduku ya barafu yaliletwa kutoka Kianjai na vijiji vya karibu, ndani yake mikebe midogo yenye vifuniko vya buluu, na ndani ya mikebe kile ambacho mama wa mtoto alikuwa ameamka mapema kukichota kwa kijiko cha plastiki. Shangazi zangu wa Kibirichia, wanaolima viazi na kuamini kwamba mtu husoma ili aondoke kwenye uchafu, waliniuliza kila Krismasi kama bado nalipwa kuweka mavi kwenye friji. Niliwajibu kuwa ndiyo, na kwamba yao ningeyakataa.

Mradi uliongozwa na daktari mmoja mwanamke kutoka Embu, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Alitaka kujua viini gani vinawaharisha watoto wetu, na ni bakteria gani wazuri wanaoishi kwenye matumbo ya wale wasiougua. Aliwakusanya akina mama katika ukumbi wa kanisa pale Kianjai akawaeleza kwamba tumboni mwa kila mtu kuna wadudu wadogo wasiohesabika, na kwamba wengi wao ni marafiki. Tumbo ni kama shamba, alisema. Ukinyunyiza dawa ikaua kila kitu, magugu ndiyo hurudi kwanza. Akawaomba walete choo cha mtoto kama kilivyo, kiwe kizuri au kibaya. Waliitikia kwa adabu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya ukumbi, na niliona kwamba tangu alipotaja wadudu hawakusikia kitu kingine. Kwetu mtoto mwenye wadudu ni mtoto wa mama mchafu, basi.

Dada yangu mdogo alikuwa ameketi mstari wa pili, amempakata Mama.

Huyo Mama alikuwa mtoto wa mwaka mmoja na kidogo. Dada aliolewa Kianjai, na kama ilivyo desturi yetu, binti yake wa kwanza alichukua jina la mama wa mume, na wa pili akachukua jina la mama yetu, aliyekuwa amefariki muda mfupi kabla. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu hapewi jina tu. Tulimwita Mama na tulimaanisha. Akilia, dada alisema Mama amekasirika, kisha akaanza kutafuta kosa lake mwenyewe. Nikija kutoka mjini nilimletea ndizi mbivu, kwa sababu mama yetu alizipenda, na huyo mdogo alizipokea kama mtu anayedai haki yake. Wakati wa kumwogesha, dada aliwaomba wanaume watoke nje, ingawa mwogeshwaji hakuwa hata na meno ya kutosha kutafuna githeri. Mtu haoni uchi wa mama yake. Nilimcheka sana kwa hilo.

Lakini dada alikuwa na sababu ambayo mimi, niliyekuwa chuoni wakati ule, sikuibeba. Yeye ndiye aliyemuuguza mama yetu miezi yake ya mwisho, tumbo lilipokuwa limekataa kushika kitu. Yeye ndiye aliyefua shuka. Mama alikuwa mwanamke wa kanisa, kitambaa chake cheupe cha kichwani hakikuwahi kuonekana na doa, na aibu ya kuwa vile ilimuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Alimwomba dada asimruhusu mtu mwingine yeyote aone. Dada aliahidi, na akatimiza. Hata mimi nilipofika nyumbani nilisubirishwa nje mpaka kila kitu kiwe safi.

Mvua ndefu zilipoanza, Mama mdogo alianza kuendesha tumbo. Dada aliniambia kwa simu, kwa sauti ya kawaida, kwamba ni meno. Kijiji kizima kilisema ni meno. Alikwenda kwa kemisti pale sokoni akapewa dawa ya maji ya rangi ya waridi. Tumbo likatulia kidogo, likarudi, akapewa nyingine kali zaidi. Mimi nilimwomba jambo moja tu: mhudumu wa afya akipita, ampe mkebe, nami nitauangalia kwa macho yangu. Mkebe ukaja. Kwa kawaida mikebe ilikuwa na namba peke yake, lakini mhudumu wa upande ule, kwa bidii zake, aliandika pia majina kwa kalamu nyeusi. Nilisoma jina la mama yangu kwenye kile kiplastiki nikatabasamu peke yangu.

Choo kilikuwa kizuri. Kilikuwa kimeshikana, hakina ute wala damu. Nilikiangalia kwenye hadubini, kisha nikaotesha kidogo kwenye sahani za maabara, na hakuna kibaya kilichomea. Nikadhani tumbo limeshatulia, nikampigia dada nikamwambia Mama yuko sawa, ampe uji na maji ya kutosha, avumilie meno. Akasema asante. Kliniki yao nayo ilipelekewa majibu hayo hayo, ikaacha kumfuatilia. Kilichobaki kwenye mkebe tulikigandisha pamoja na vingine, kisubiri kupelekwa ng'ambo ambako wangesoma bakteria wake.

Nilikwenda Kianjai Jumapili moja baada ya ibada, bila kutoa taarifa. Nilimkuta Mama amelazwa juu ya leso karibu na mlango wa jikoni. Sitaki kueleza sana alivyokuwa. Macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiifinya ilibaki imesimama. Nilifungua nepi nikaona damu na ute, kidogo tu, kwa sababu hapakuwa tena na kitu cha kutoka.

Nilimuuliza dada alituletea nini kwenye ule mkebe. Alikuwa anapepeta maharagwe na hakuacha. Nikauliza tena, mara hii kwa ile sauti niliyorithi kwa baba, ambayo siipendi. Akaweka ungo chini.

"Ile ilikuwa ya mtoto wa jirani," akasema. "Huyo wa hapo mbele. Yake huwa nzuri."

"Na ya Mama?"

"Ningepeleka aje hiyo kitu Meru na jina ya mama iko juu? Watu wafungue, waitane kuangalia? Si nilimwambia hakuna mtu ataona."

Nilitaka kumwambia kwamba anayefungua ni mimi. Kisha nikakumbuka kwamba hata mimi nilisubirishwa nje. Nilimfunga mtoto kwenye shuka huku nikimfokea dada, na huku nikifoka alinieleza mengine yote. Hakuwa peke yake. Yule jirani alikuwa mama mkarimu na mtoto wake alikuwa mnene, tumbo halijawahi kumsumbua. Asubuhi ya mikebe, wanawake wa mteremko alioishi dada walipita kwake mmoja mmoja, kama watu wanaoenda kuomba chumvi au kaa la moto, naye hakumnyima mtu. Wengine waliogopa kwamba wakikutwa na wadudu, afisa wa afya atakuja kukagua vyoo vyao mbele ya majirani. Wengine walitaka tu kumfurahisha yule daktari wa Embu aliyekuja mpaka kanisani kwao akawasalimu kwa mikono. Mgeni kama huyo hupewa kilicho kizuri, hapewi makombo.

Tulimpeleka hospitalini Meru siku hiyo hiyo kwa gari la mwalimu mmoja jirani. Wakamwekea dripu kichwani, kwa sababu mishipa ya mikono ilikuwa imejificha. Sampuli niliichukua mwenyewe wodini, dada akiwa amegeukia ukuta. Safari hii kiini kilimea kwa wingi. Nilikijaribu kwa dawa moja moja, na zile za kemisti hazikukigusa. Kilimea mpaka ukingoni mwa vidonge vya dawa nilivyoviweka kwenye sahani, kama kwamba havipo. Dawa moja tu ndiyo ilikizuia, na daktari wa wodi akaianza. Lakini mwili ulikuwa umeshachoka kupokea.

Yule daktari wa Embu alikuja akaketi nami kwenye benchi la nje. Alisema dawa za kemisti ziliua marafiki wote zikamwachia adui shamba zima. Nilimjua kwa maneno yake ya shamba, na siku hiyo sikuyataka. Nilimuuliza kama mkebe wa kwanza ungekuwa wa kweli, mtoto angepona.

"Pengine," akasema. "Sijui. Siwezi kukudanganya."

Nilimchukia kwa ile pengine, na sijui kama nimeshaacha.

Mama alifariki Alhamisi asubuhi, wakati chai ya wodi inagawiwa. Dada alimwosha mwenyewe, na kabla hajaanza alimwomba muuguzi avute pazia.

Kwenye mazishi mchungaji alisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitamani kumwambia anyamaze. Methali ile ni ya kweli, na ndiyo maana kuitamka mbele ya kaburi la mtoto ni ukatili. Wanawake wa mteremko ule walikuwepo wote, wameinamisha vichwa. Yule jirani mkarimu alikuja na mtoto wake mgongoni. Dada alimpa uji kama wageni wengine, akamshika yule mtoto mguu, akauachia.

Miezi mingi baadaye majibu ya ng'ambo yalikuja. Daktari aliniita mbele ya kompyuta akiwa amechanganyikiwa. Mteremko mzima, alisema, ulikuwa na tumbo la mtoto mmoja. Bakteria wale wale, kwa wingi ule ule, nyumba baada ya nyumba. Alidhani maabara ya kule imechanganya mikebe, na alikuwa anaandaa malalamiko. Pale kwenye benchi nilikuwa nimemtajia mkebe wa dada peke yake; sasa nikamweleza na mingine. Yeye anayecheka na kila kitu hakucheka. Akakiondoa kijiji kile chote kwenye utafiti, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Wapo watoto waliohara msimu ule wakapona wenyewe, na wapo ambao hawakupona, na katika matokeo yaliyochapishwa hakuna hata mmoja wao. Nimeyasoma mara nyingi. Ni kazi nzuri, na kwa kadiri ninavyojua hakuna kilichobadilika Kianjai. Kemisti bado anauza dawa ile ya waridi.

Ukiitoa ile ya mtoto wa jirani, kutoka mteremko ule ilibaki sampuli moja tu ya kweli, ile niliyoichukua wodini. Ilikaa kwenye friza letu na namba yake, bila jina. Kisha katika mvua nyingine umeme ulipotea Ijumaa, jenereta likakataa kuwaka, na Jumatatu tukakuta kila kitu kimeyeyuka. Nilivaa glavu nikabeba trei zote mpaka tanuru la hospitali. Namba ile niliijua, na niliitupa pamoja na nyingine.

Dada alikuja kunitembelea Desemba iliyofuata. Hakuwa mtu wa kuja mjini. Tuliketi jikoni kwangu tukimenya viazi nilivyoletewa kutoka Kibirichia, tukizungumza habari za mume wake na za binti yake mkubwa, ambaye alikuwa ameanza shule. Katikati ya hayo, bila kuinua macho, akaniuliza.

"Ile ya hospitali. Ile ya ukweli. Bado mko nayo?"

Nikasema tuko nayo.

"Iko na jina?"

Nikamwambia iko na namba tu, kwamba za hospitalini hatukuziandika majina. Akamaliza kumenya kiazi alichoshika, akakitia kwenye maji, akachukua kingine.

"Iandikie jina," akasema. "Andika yake yote, isikae huko hivyo kama haina watu."

Nikamwambia nitaandika Jumatatu nikiingia kazini.