Mgeni Aliyewajua Watoto Wangu Wote

Shule mimi niliionja tu. Nilifika darasa la pili, baba akanitoa niende kuchunga. Mengine yote nimejifunza kwa matofali. Nusu ya maduka ya Matiliku yamejengwa kwa udongo uliopita mikononi mwangu, na shamba letu nililipata hivyo hivyo, kipande kwa kipande, bila kumpigia mtu magoti. Hati yake ilipotoka nilifika ofisini kabla karani hajafungua mlango. Nasema haya ili ujue ni kitu gani kilikaribia kunipotea.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini hakukuwa na simu za mfukoni. Dunia yetu ilikuwa redio. Jumapili, watu wakishatoka kanisani, kulikuwa na kipindi cha salamu. Mtu ananunua kadi, anaandika jina lake, kazi yake, mahali alipo, na wote anaotaka kuwasalimu. Mtangazaji anaisoma na nchi nzima inasikia. Kijana wangu wa kwanza alikuwa akibeba magunia bandarini Mombasa, na siku moja kadi yake ikasomwa. Alinisalimu mimi, baba yake mchoma matofali wa Matiliku, akamsalimu mama yake wa kwaya, akawataja ndugu zake mmoja mmoja kwa jina. Mwisho akamsalimu dada yake anayesomea ualimu.

Hapo mke wangu alicheka mpaka akatua sufuria chini. Huyo dada hakuwa chuo chochote. Alikuwa ameolewa Kilungu na alikuwa na mtoto mgongoni. Kijana alitaka tu tusikike vizuri. Mimi sikuona ubaya. Wiki hiyo nzima sokoni niliitwa mzee wa redio, na niliitika.

Muda si mrefu akaja mgeni. Nilikuwa nafyatua matofali, matope mpaka kwenye viwiko. Kijana nadhifu, shati jeupe, Kikamba safi cha mtu aliyelelewa. Alinisalimu kwa heshima, akamwita mke wangu mama, akakataa kiti mpaka nikae mimi kwanza. Akasema anatoka Mombasa na ametumwa na mwanangu. Mwanangu yuko seli. Mkokoteni wake wa magunia ulimgonga mtu, na yule mtu yuko hospitali hali mbaya. Kesho korti inakaa. Wakili anataka hati ya shamba iwekwe dhamana, la sivyo kijana anapelekwa rumande, na huko, alisema akiangalia chini, watu wanafia.

Mke wangu alianza kulia bila sauti. Mgeni akamtuliza. Akawataja watoto wetu wote kwa majina, akasema mwanangu kila siku anawazungumzia. Akamkumbusha kwaya yake. Kila alichosema kilikuwa kweli, na kila kweli ilinifunga kamba zaidi. Nani angejua hayo kama hakulala chumba kimoja na mwanangu? Nilishainuka kwenda kutoa sanduku la hati chini ya kitanda.

Ndipo akasema, "Na jambo moja ameniomba sana, baba. Yule dada yake wa chuo cha ualimu asiambiwe, atashindwa mtihani."

Nilisimama pale mlangoni. Sikugeuka, maana uso wangu haufichi kitu. Niliingia ndani, nikamwita mke wangu kama mtu anayetafuta ufunguo.

Nikamwambia huyu mtu hamjui mtoto wetu. Ametusikia redioni.

Aliniangalia kana kwamba mimi sina moyo. "Baba watoto, yule kijana wako aliidanganya nchi nzima. Atashindwa kumdanganya rafiki mmoja?"

Nikimpa hati na ni mwongo, tumekuwa maskwota, watu wa kukaa kwenye ardhi isiyo yao. Nikimfukuza na ni mkweli, nimemzika mwanangu kwa mikono yangu. Mke wangu alifungua kanga yake kiunoni, akaikunja hati ndani yake, akanifunga tumboni chini ya shati, akakaza mpaka nikakosa pumzi. Akasema niende mwenyewe.

Mgeni hakupenda. Alisema safari ni ndefu kwa mzee, kwamba wakili ni mtu wa haraka. Nikamwambia mzee ni yule aliyemzaa baba yangu, twende. Nilibeba mkoba wa ngozi, ndani yake sweta na mahindi ya kuchoma, na nilihakikisha anauona nikiukumbatia.

Tulipata lori la machungwa mpaka barabara kuu, halafu gari jingine hadi Makindu. Njia nzima alikuwa mwema. Alininunulia soda. Kila alipojitolea kunibebea mkoba, nilisema si mzito. Kuna mahali nilimwonea haya, nikajiambia pengine nimemdhulumu mtoto wa watu.

Makindu kuna hekalu la Makalasinga, wale Wahindi wa vilemba, ambapo msafiri yeyote anapewa chakula bure. Unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa, unaingia. Mgeni akasema tule hapo kabla ya basi la Mombasa. Mlangoni akanyoosha mkono. "Leta nikushikie, baba, unawe vizuri."

Nikampa.

Nilinawa polepole. Nilisugua kucha, nilinawa mpaka viwiko, maji yakaniingia mikononi mwa shati, na chini ya shati niliisikia ile kanga bado imenikaza. Nilikuwa naomba nimkute. Ndiyo, niliomba awe mkweli, sijui kwa nini. Nilipogeuka, viatu vyangu vilikuwa pale peke yao.

Sikula. Ungefikiri ningerudi nyumbani nikicheka, lakini nilijiuliza: mwizi hawezi kuleta habari ya kweli? Kama aliiba mkoba tu, na mwanangu kweli yuko seli? Nikapanda basi la Mombasa na njaa yangu.

Asubuhi nilisimama kwenye geti la bandari. Wapagazi waliingia makundi makundi, na kila kichwa nilikiangalia mpaka askari akaniuliza natafuta nini. Kisha nikamwona, gunia tupu begani, anamtania mwenzake. Nikashika ukuta.

Aliniona, gunia likamwanguka. Mimi sikuwa nimewahi kukanyaga Mombasa.

"Baba, nani amekufa?"

"Hakuna. Leta chai."

Kwenye kibanda cha chai nilimweleza yote. Mwanzo alicheka kuhusu dada mwalimu, halafu nikainua shati akaiona kanga ya mama yake, na hati ndani yake, akaacha kucheka. Sikumgombeza. Nilimwambia asalimie redioni akitaka, sikatai, lakini kuanzia siku hiyo yeyote anayetumwa kwangu kwa jina lake, hata awe mchungaji, aje na neno moja. Tulilichagua pale, mimi na yeye, tukinong'ona kwenye mvuke wa chai. Mama yake nilimpelekea neno hilo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mjukuu anayenisaidia kuandika haya ameniuliza lilikuwa neno gani. Bado tunalitumia, kwa hiyo hakuambiwa, na wewe pia hutaambiwa.