Nilimtoa mpwa wangu children's home, nikamfungulia branch Kileleshwa

Wakuu, niaje. Vuteni viti, na anayekunywa chai aiweke chini kwanza.

Haya yalinitokea mimi mwenyewe hapa Nairobi. Uongo humu ndani ni mmoja tu, ule niliomwambia afisa wa watoto, na nitautaja.

Mimi ni fundi wa AC kwenye maofisi ya Westlands. Nimepanga one-bedroom Kileleshwa, kwenye zile flati za zamani ambazo maji huja yakipenda.

Nimelelewa children's home, pande za Karen. Niliingia nikiwa mdogo, nikatoka na ndevu.

Na sikuwa yatima, jamani. Nyanya yangu alikuwa hai kule Vihiga, ana shamba na ng'ombe wake. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama ananitaka. Wageni walikuja Jumamosi na unga na mafuta ya kupikia, tukawaimbia, wakapiga picha, wakaenda zao. Hilo bado linaniuma, lakini leo nimekuja kujicheka, tusiharibu.

Sasa, dada yangu alifariki, na binti yake Tabby, yuko grade three, akapelekwa makao ya watoto. Siku hizi sheria inataka mtoto atafutiwe jamaa zake kwanza, makao yawe ya mwisho kabisa. Afisa wa watoto, Madam Kageha, akanitafuta hadi akanipata.

Akaniuliza, "Unajua kulea mtoto kwa nyumba?"

Nikamjibu, "Hiyo najua sana, Madam."

Huo ndio uongo.

Tukakubaliana Tabby akae kwangu kwa majaribio. Madam angekuja kutuangalia, na asiporidhika, mtoto angerudi makao. Tabby ana pengo la meno kama la mamake. Akicheka mimi hulazimika kuangalia kando. Nikaapa harudi kule.

Basi nikatayarisha nyumba vilivyo.

Nilinunua kitanda cha dabo deka. Mtoto mmoja, dabo deka! Nikaandika jina lake kwa marker kwenye sahani, kikombe, taulo, soksi zote. Ukutani nikabandika timetable. Wakuu, nilinunua na kengele.

Tabby naye alikuwa mwanafunzi bora. Nikigonga kengele, yuko mlangoni pa jikoni ameshika sahani kwa mikono miwili. Kitanda ametandika kama jeshini. Maji ya kunywa anaomba ruhusa. Nikawa najisifu kazini kwamba mtoto wangu ana nidhamu, nyinyi wenye watoto watundu njooni mfunzwe.

Jumamosi moja asubuhi Madam Kageha akabisha hodi.

Tabby alisikia wageni, tena Jumamosi. Alisimama katikati ya sebule, mikono nyuma, akaanza wimbo wa kukaribisha wageni. Wakuu, sijui niwaambie nini. Mwili ulinisaliti. Nilijikuta nimesimama kando yake, mikono nyuma, nimeingia na bass.

Tuliimba beti zote. Tukamalizia kwa kuinamisha vichwa.

Kisha Tabby akamuuliza kwa heshima, "Madam, picha tunapiga saa hii ama mkimaliza kukula?"

Madam alicheka hadi akashika ukuta, pale kwenye timetable. Akaisoma. Kicheko kikaisha.

Alinivuta kando kwenye veranda. "Anko Tabby, huyu mtoto hujamtoa kwa home. Umefungua branch."

Nikaanza kujitetea. Akanikata: "Nitarudi mwezi ujao. Nikipata hiyo kengele hapa, naenda na yeye."

Jioni ile niliogopa kweli. Si kwamba nilikuwa mkaidi, nilikuwa sijui. Nilimfuata jirani yangu, Mama Biko, nikamuuliza nyumbani watu hujuaje saa ya kula imefika.

Akaniangalia vibaya. "Si mtu akiskia njaa anauliza mama kumepikwa nini?"

Kumbe.

Nikang'oa timetable. Kengele nikampa mlinzi wa geti. Siku za kwanza mimi na Tabby tulikaa kwenye sofa tukitazamana kama abiria waliopoteza mizigo. Hakuna aliyejua kinachofuata. Tukianza kupika pia, mkono wangu ulijua kupikia bweni zima, tukala githeri ile ile siku baada ya siku hadi tukaichukia.

Halafu jioni moja nikapakua ndengu. Tabby akasukuma sahani. "Mimi sitaki ndengu."

Wakuu, kule kwetu hakuna mtoto aliyewahi kusema hivyo. Mdomo wangu ukafunguka na maneno ya matroni wetu wa zamani yakawa yanataka kutoka yenyewe: shukuru, wenzako hawana. Nikayameza. Nikakaanga yai.

Alikula akiniangalia, nadhani akingoja adhabu. Haikuja. Kesho yake akakataa sukuma pia.

Madam aliporudi, Tabby alikuwa amejilaza kwenye sofa anaangalia katuni, soksi moja mguuni, nyingine sijui wapi.

"Sasa, Tabby," Madam akamsalimia.

"Poa." Macho kwenye TV.

Nikaona tumekwisha. Mtoto hasimami hata kusalimia mkubwa! Madam akamwuliza, "Leo huniimbii?"

Tabby akasema, "Anko ndio huimba."

Madam akaketi, akaomba chai, akaniambia mtoto anabaki. Nilienda jikoni kuchemsha hiyo chai na nikalia kidogo, bila bass.

Nilichojifunza, wakuu: ukipeleka unga children's home Jumamosi, peleka, lakini uliza pia hawa watoto nyanya zao wako wapi. Mtoto akikuimbia vizuri sana, usifurahi haraka. Mimi nilikuwa soloist.

Sasa naomba ushauri kutoka kwenu mliolelewa nyumbani. Jana nilimkataza Tabby simu yangu. Akaniambia nina roho mbaya, akaingia chumbani akanibamizia mlango hadi saa ya ukutani ikaanguka.

Mzazi wa kawaida hapo hufanya nini? Maana mimi nilibaki nimesimama nje ya mlango, natabasamu kama mjinga.

Comments ziko wazi. Matusi pia napokea, ila msiniambie nirudishe kengele.