Fausta Anatembea

Fausta, fundi cherehani wa Manundu, hakuwa mtu wa kutulia tangu zamani, na mimba hii ya pili ilimzidishia. Kutwa alikaa barazani akishona sare za shule huku akili yake iko kwingine kabisa. Atashona pindo, asimame, achungulie barabarani, akae tena, afumue alichokishona. Wateja walidhani ni uchovu wa mimba. Haukuwa uchovu, ilikuwa hofu, na hofu hiyo aliijua kwa jina: sukari.

Mimba ya kwanza ilimpandisha sukari. Ritha akazaliwa mnene kupita kiasi, kwa upasuaji, na Fausta akapona kwa taabu. Baada ya kujifungua sukari ikashuka, watu wakashukuru Mungu, wakasahau. Yeye hakusahau, maana mama yake mzazi kule Misima alikufa kwa ugonjwa huohuo. Mimba ya pili ilipoingia, nesi wa kliniki hakumficha. Vipimo vya sasa ni vizuri, alisema, ila aliyewahi kupandisha sukari akiwa mjamzito ni rahisi kuipandisha tena, na hata miaka ikipita ugonjwa wenyewe unaweza kuja kumkalia, na mtoto naye akikua asisalimike. Apunguze ugali na chai tamu, tena atembee. Si kutembea kwa kuburuza ndala. Aende mwendo wa kuhema kidogo, ila bado aweze kuzungumza, na mizigo mizito aiache.

Basi akaanza. Jioni akishafunika cherehani alivaa raba, akajifunga kanga, akashika njia ya kwenda kwenye mashamba ya mkonge, akafika, akageuka, akarudi. Tatizo ni kwamba mwanamke wa Manundu huwa hatembei mikono mitupu. Atakuwa na ndoo, au beseni la nyanya, au mtoto mgongoni, au basi hata mfuko wa kwendea gengeni. Fausta alikwenda upande usio na duka, msiba wala ndugu, akarudi vilevile alivyokwenda, ila anahema na uso unang'aa jasho. Elina, jirani anayeuza mkaa na ambaye macho yake hayajawahi kwenda likizo, aliyaona yote hayo akayaweka.

Aliyeharibu mambo hasa ni Bibi Grasiana, mama mkwe, tena kwa nia njema. Yeye ni mtoto wa manamba, wale vibarua wa mashambani, alikata mkonge na mimba zake zote mpaka siku za kujifungua, na alicheka sana kusikia kwamba siku hizi kutembea kunaagizwa na nesi. Lakini mkwewe alimpenda, akamuunga mkono. Jioni moja Elina alikuja na kitambaa cha gauni akauliza fundi yuko wapi. Bibi Grasiana alikuwa anachambua mchicha, akajibu bila kuinua macho.

“Fausta? Anatembea. Siku hizi kila jioni anatembea.”

Kwa Kiswahili chetu, mke wa mtu akitajwa kwamba anatembea, hakuna anayeuliza amevaa viatu gani. Elina akarudi kwake na kitambaa chake, na neno likaondoka naye. Likafika sokoni, likapanda gari, likashukia Segera, ambako Kasmiri, mume wa Fausta, anauza machungwa kwa abiria wa mabasi na hurudi nyumbani mwisho wa juma tu.

Safari hii hakungoja mwisho wa juma. Alimwachia mwenzake machungwa, akapanda gari, akamkuta mkewe kizingitini anafunga kamba za raba. Hata salamu hakutoa.

“Mama Ritha, nasikia unatembea.”

“Ndiyo,” Fausta akasema, akafurahi kwamba mwanaume amekumbuka kuulizia afya yake. “Nilitaka nikwambie mwenyewe.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwezi uliopita. Yaani mwili umekuwa mwepesi, hata usingizi umerudi.”

Kasmiri akashika mlango. “Na mama anajua?”

“Mama ndiye anayenihimiza. Nikiona uvivu ananifukuza niende.”

Kasmiri akakaa chini palepale. Njiani alijiandaa kwa machozi, kwa kukana, hata kwa ugomvi. Hakujiandaa kwa mke anayekiri huku anafunga viatu. Akauliza kwa sauti ndogo ni nani basi, na Fausta akamjibu kwamba ni yule nesi wa kliniki. Hapo Bibi Grasiana, aliyekuwa jikoni anasikiliza, akatoka akicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakumbuka neno limetoka kinywani mwa nani, akanyamaza.

Fausta hakucheka. Alipoelewa alichokuwa anaulizwa, uso uliwaka moto. Kilichomuuma si Elina. Kilichomuuma ni kwamba mume wake alipanda gari kutoka Segera akiwa ameshaamini. Kasmiri akaomba radhi, na aibu aliiona kweli, ila radhi yake ilikuwa na mkia. Asitoke kwanza, alisema, mpaka maneno yapoe, na kama ni lazima azunguke uani. Yeye amemwelewa, lakini watu hawajaelewa, na anayechekwa stendi ni yeye.

Fausta alijaribu, tumpe haki yake. Alizunguka uani kati ya choo na kamba ya nguo, akimkwepa kuku na vifaranga vyake, akigeuka kila anapochanganya miguu, mpaka kichwa nacho kikamzunguka. Usingizi ukapotea tena. Akaanza upya kushona na kufumua. Na alipokwenda kliniki, sukari ilikuwa imeanza kusogea juu. Si ya kutisha, nesi alisema, lakini imesogea. Fausta alirudi nyumbani ameshika tumbo kwa mikono yote miwili.

Jumamosi Kasmiri yupo. Jua lilipopungua makali Fausta akatoka ndani amevaa raba, akapita kamba ya nguo, akaenda moja kwa moja kwenye geti. Kasmiri akamwita kwa upole. Akamkumbusha walivyokubaliana, akamwomba aifikirie heshima ya nyumba.

Fausta akageuka.

“Baba Ritha, mama yangu naye aliambiwa atembee. Mjane, jioni, mikono mitupu, na Misima watu wakasema. Akaacha. Heshima yake ikabaki nzima, hakuna aliyeigusa mpaka anakufa. Mguu ndio uliokatwa. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni kumtoa hospitali.”

Fausta hakungoja jibu. Alitoka akaacha geti wazi, na alipopita kwenye mkaa wa Elina hakupunguza mwendo.