Nilivyojikuna Kichwa Mbele ya Wazazi wa Kigobe

Aibu hii sina pa kuificha, maana wazazi walijaa ukumbi mzima na kila wa pili alikuwa ameinua simu anarekodi, kwa hiyo afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjaoneshwa na mtu mwingine. Yule mwalimu wa muziki aliyejikuna mpaka wimbo ukakataa kwisha ni mimi.

Kwa wasionijua, mi ni mtu wa mtaa wa Buyenzi, napuliza saksofoni tangu sijaota ndevu, nimepiga jazi kwenye mahoteli ya kando ya ziwa miaka na miaka, na siku hoteli zilipogundua kwamba mtu mmoja na kompyuta yake anatosha, nikaangukia ualimu (nisiwadanganye, sikuupenda, niliukimbilia kama mtu anavyokimbilia baraza la jirani mvua ikimkuta njiani). Shule moja ya mtaa wa Kigobe ikanipa wanafunzi tisa kila Jumamosi. Kati ya hao tisa, aliyenifanya nitoke nyumbani bila kunung'unika ni mmoja tu, binti wa miaka kumi na tano anaitwa Divine, mpole kiasi kwamba hata ukimuuliza jina lake anaangalia viatu, lakini mpe tarumbeta, utanyamaza wewe.

Baba yake ni mtu wa ofisi, wa shati lililopigwa pasi mpaka mifukoni, na hakutaka muziki kabisa. Alitaka Jumamosi binti aende masomo ya ziada ya hesabu. Kwenye kikao cha wazazi alisema mbele yangu, tena kwa adabu zote: "Mi siko na ubaya na muzee, lakini muzee wa namna hii atamufundisha mutoto muziki gani? Ya bibi yake?" Watu wakacheka, na mi nikacheka, lakini liliniuma. Tukapatana kwamba aje kwenye onyesho la mwisho wa mwaka amsikie binti yake mara moja: akiridhika, Divine anabaki; asiporidhika, tarumbeta inarudi kabatini na binti anakwenda kwenye hesabu.

Mtu mwenye akili angekazana na muziki. Mi nikakazana na neno "muzee". Asubuhi ya onyesho nikaingia kwa Hamisi kinyozi nikamwambia anipake rangi nyeusi kichwa kizima, nisibakize unywele mmoja mweupe wa kunisengenya. Hamisi akasoma karatasi ya dawa, akakunja uso.

"Imeandikwa tujaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio, tungoje siku mbili."

"Siku mbili? Mi niko na onyesho leo saa nane!"

"Haya, kichwa ni chako."

Nikatoka pale kichwa cheusi tii. Mke wangu aliponiona akasema "Astaghfirullah", akaendelea kuchambua mchele wake.

Hapa lazima niwaeleze kidogo kazi yetu. Kwenye jazi watu wanapiga wimbo pamoja, halafu kila mmoja anapewa zamu ya kupiga peke yake kama moyo wake unavyomtuma, na kwa kuwa kelele ni nyingi kiongozi haongei, anatumia mikono. Kidole juu, mwenye zamu aanze. Ngumi, wimbo unakwisha. Kiganja kichwani, wote waache wanachofanya warudi kwenye wimbo toka mwanzo. Mwaka mzima niliwapigia kelele watoto wa watu juu ya alama hizo. Niliwaambia hata nyumba ikiwaka moto, mkono wangu ukigusa kichwa, mnarudi mwanzo, msiniulize. Yaani kama kuna kitu nilichojivunia, ni kwamba wale tisa wananitii kuliko watoto wangu wa kuzaa.

Basi saa nane tukaanza, na tulianza vizuri, wallahi, hata mkuu wa shule alikuwa anatikisa mguu. Baba wa binti, Papa Divine kama tunavyomwita, amekaa mstari wa mbele, mikono kifuani. Nikainua kidole, Divine akasogea mbele, akapuliza sauti tatu za kwanza, na hapohapo kitu kikaniwasha juu ya sikio la kushoto, nikajikuna kidogo tu, hata sikufikiri. Wanane wote wakarudi mwanzo wa wimbo kwa kishindo. Divine akanyamaza katikati ya pumzi, akaniangalia, akarudi nyuma kupiga na wenzake.

Nikasema haidhuru, itaonekana ni mtindo. Nikainua kidole tena. Safari hii alifika sauti ya tano, na kichwa kikawaka chote, toka kisogoni mpaka kwenye nyusi, pilipili tupu. Nikakuna. Wakarudi. Mara ya tatu nikajaribu ujanja, nikajisugua kwa bega, lakini bega halifiki utosini (mjaribu mkifika nyumbani), mkono ukaenda wenyewe, wakarudi. Nikawapigia kelele "Apana! Muendelee!" na wao, kwa utii niliowafundisha mwenyewe, hawakusikiliza mdomo, waliangalia mkono. Na mkono ulikuwa wapi? Kichwani.

Mtauliza kwa nini sikukunja ngumi yakaisha. Nililifikiria hilo. Lakini wimbo ukiisha pale, Papa Divine anaondoka hajamsikia mtoto, na hesabu zimeshinda. Kwa hiyo nikaendelea kuinua kidole na kujikuna, kuinua na kujikuna, wimbo wa dakika tano ukawa wa dakika ishirini, jasho jeusi linanitiririka mpaka kwenye kola, jicho moja limevimba limefunga, wazazi wa nyuma wamesimama wapate kuona, na bibi mmoja anauliza kwa sauti, "Huyu baba amepandwa na mashetani?" Papa Divine akaangalia saa. Halafu akaanza kukusanya kofia yake na funguo zake. Niseme ukweli, pale nilitaka kulia. Nilikuwa nimemuuza yule mtoto kwa ajili ya mvi zangu.

Nikashika kichwa kwa mikono miwili. Wanane wakarudi mwanzo kwa mara ya saba. Divine hakurudi. Aliacha mstari, akaja moja kwa moja mpaka nilipo, akanishika viganja, akavitoa kichwani mwangu kimoja kimoja akavibandika kwenye saksofoni iliyoning'inia shingoni mwangu, halafu akawageukia wenzake na sauti ambayo sijui alikuwa ameiweka wapi siku zote hizo:

"Musimuangalie Mwalimu! Muniangalie mi!"

Akainua kidole, akajionesha mwenyewe, akaweka tarumbeta mdomoni. Na alipuliza, jamani. Alipiga hasira ya zile mara saba zote, baba yake amesimama na kofia mkononi hajui aivae au aketi. Binti ndiye aliyewarudisha kwenye wimbo, na binti ndiye aliyekunja ngumi. Mi nilikuwa nyuma yake nahema, macho yanafunga yote mawili.

Walipokuwa wananiongoza kwenda kwa daktari, Papa Divine akanifuata mlangoni. Sikumwona, nilisikia sauti tu.

"Muzee, huyu mutoto nyumbani haongeagi. Hata chumvi haombagi. Leo amewaambia watu wote wamuangalie. Jumamosi atakuja. Lakini we, tafadhali, ukae mbali na ile kazi ya mikono."

Nikaapa palepale, na kiapo nimekishika: siku ya onyesho sisimami tena mbele ya wanafunzi. Divine ndiye anayeongoza, mi nakaa chini na wazazi. Papa Divine huniwekea kiti pembeni yake, na kila zamu ya binti yake inapokaribia, bila kuniangalia, ananishika mikono yote miwili na haiachii mpaka watu wapige makofi.