Maji Yaliyokataa Kuja

Mwandishi wa habari ninayetumia naye ofisi moja hapa Kitengela hunakili maneno ya watu jinsi yalivyotoka mdomoni. Huandika haraka huku midomo yake ikimfuata msemaji kimyakimya, na mtu akiteleza kwa Kiingereza hainui macho kutoka kwenye daftari, asije akamwaibisha. Majuzi alirudi kutoka Mashuuru, ambako mabomba yalikuwa yamekauka miezi miwili. Wahu, mwenyekiti wa kamati ya maji huko, alikuwa amemwambia, "The water is there, but it is refusing to come."

Mhariri wake akapiga simu kutoka Nairobi. "Nyoosha hicho Kiingereza. Watu watamcheka huyo mama."

Mwandishi akampigia Wahu, akaweka simu mezani kwa sauti ya juu, akamsomea sentensi iliyonyooshwa: "Residents lack access to water," yaani wakazi hawapati maji.

"Huyo ni nani amesema hivyo?" Wahu akauliza.

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Zii! Maji tuko nayo, ni vile yamekataa kuja. Andika hivyo."

"Na wakicheka?"

"Wacha wacheke, bora wakuje."

Mwandishi alicheka mpaka akavua miwani, akamrudia mhariri, akabishana naye kwa upole hadi yule akakubali. Gazeti likatoka na maneno ya Wahu yote. Wiki iliyofuata mafundi wa maji walishuka Mashuuru na mabomba mapya, wakicheka.