Mama wa Kifaransa Aliyekuja Noonkopir

Mwaka wa 2001 hapakuwa na uso Noonkopir, mtaa wa Kitengela, ambao Khisa mchora mabango hakuwa ameuchora, mradi uwe wa ng'ombe anayecheka juu ya mlango wa buchari. Ajabu jinsi ng'ombe wa mabango ya Kitengela wanavyofurahia kuchinjwa. Vichwa vya kwenye kuta za vinyozi pia vilikuwa vyake: wanaume wengi, pua moja.

Lakini Khisa alitamani kuchora watu kwa rangi ya mafuta, picha za kutundikwa sebuleni. Na wa kwanza aliyetaka kumchora ni Soila, mwenye buchari kubwa kuliko zote, mama wa shanga nzito na kidevu cha kupitisha sheria.

"Fundi," Soila alimwambia, "nionyeshe kwanza mtu mmoja umechora akatoka mtu. Nikipenda, nitakaa unichore. Nisipopenda, rudi kwa ng'ombe."

Khisa akatafuta mwalimu. Chuoni hakwenda, na hakukosa mengi. Mwalimu alimpata kwenye kalenda ya kampuni ya bima. Alikuwa mama wa Kifaransa wa miaka kama mia mbili iliyopita, enzi ambayo wachoraji wa kwao walipaka watu laini na wima kana kwamba wamechongwa kwenye jiwe. Mabega wazi, gauni jeupe, uso wa mtu aliyeletewa chai baridi.

Akagawanya kalenda kwa miraba, akagawanya turubai vilevile, akaanza kunakili. Rangi ya gloss ya mabango aliyoizoea hukauka ukila chapati mbili. Hii ya mafuta ilimngojesha miezi kama mkwe. Majirani wakaja kusalimu, yaani kukagua mabega. Mchungaji alikagua mara tatu, akasikitika kila mara.

Mwishowe Khisa akamalizia kama anavyomalizia kila bango: akamzungushia mama yule mstari mweusi, mnene, kuanzia paji hadi vidole. Akamwita Soila.

Soila akatazama. "Mbona umemfunga kamba? Huyu ni wa kupelekwa mnada?"

"Yeyo," Khisa akasema, akimwita mama kwa Kimaasai, "hiyo ni laini ya kumtoa vizuri."

"Imemtoa kabisa. Imemtoa nje ya watu."

Akaenda zake. Jioni upepo wa Kitengela ukaleta vumbi lote la Kajiado ndani ya chumba, likatua kwenye mstari ule mbichi. Khisa, kwa hasira, akachovya kitambaa kwenye tapentaini akasugua shavu la Mfaransa kama sufuria. Mstari ukayeyuka, ukawa kivuli. Na shavu, lililokuwa bapa kama sinia, likageuka mviringo mbele ya macho yake.

Akakimbilia kalenda. Alitafuta mstari mweusi kwenye shingo, kwenye mkono, kwenye pua. Haukuwepo. Miezi yote hiyo aliyomkodolea macho mama wa watu, hakuwa ameona kwamba hana kamba popote! Akacheka peke yake. Kisha akafuta kila mstari, polepole, akapaka upya, mwanga ukiingia gizani bila mpaka.

Rangi ilipokauka akaibeba picha hadi buchari ya Soila, akaiegemeza kwenye kaunta. Obura, karani anayefanya kazi Nairobi, alikuwa anangoja nyama.

"Huyu mzungu amekonda. Muuzie matumbo."

"Nyamaza, Obura," Soila akasema. Akafuta mikono kwenye aproni, akainama hadi pua yake ikakaribia pua ya Mfaransa. Akanyoosha kidole, akakirudisha. "Anakaa ni kama ataniuliza bei."

Khisa akaishika turubai isiteleze.

"Kesho nitakaa," Soila akasema. "Lakini mabega yangu ni ya bwanangu. Na hiki kidevu usikipunguze, hapana. Niko nacho, nimekilisha mwenyewe."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na buchari ya Soila ikafungwa. Watu wakasimama nje na mifuko mitupu wakiulizana nani amefariki. Ndani, Soila amekaa wima, shanga zote shingoni, akimkemea Khisa bila kusogeza midomo: "Fundi, umeanza ama bado unaomba?"

Alikuwa ameanza. Kwa shavu.