Hofu Yangu ya Glasi ya Pili

Kwetu Mueda, kila aliyeniona alisema nimemchukua baba: paji la uso, mwendo, hata hasira za asubuhi. Na baba alikuwa mlevi. Alikunywa nipa, ile pombe kali ya mabibo, mpaka alipofariki. Mimi nikajiapiza kwamba kama nimerithi kila kitu chake, basi koo lake sitalijaribu. Nikafika utu uzima sijaonja kitu kikali kuliko chai ya tangawizi.

Halafu mume wangu akarudi Palma, nilikoolewa, kutoka Beira, alikokuwa mpishi wa hoteli, akaja na mapenzi ya divai. Jumamosi anachoma pweza uani, anafungua chupa, anakaa na glasi yake peke yake. Nilimwonea huruma, na kijicho pia, maana alionekana kufurahi. Siku moja nikamwambia nitaonja. Sikumwambia naogopa nini.

Akanimiminia nyekundu. Nikasimama, nikafumba macho, nikabana pumzi, nikaimeza yote kwa mkupuo mmoja, kisha nikangoja moto kifuani. Ndivyo nilivyoona watu wakinywa nipa, na sikujua kuna namna nyingine. Mume wangu akaweka koleo chini.

"Mama watoto, hiyo si dawa ya minyoo," akasema. "Kaa. Inanywewa na chakula, pouco a pouco, kidogo kidogo."

"Imenikausha ulimi kama bibo bichi."

"Basi kumbe umeionja."

Jumamosi iliyofuata akaichanganya na Coca-Cola, kama wanavyofanya watu wa Maputo. Hiyo niliipenda, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Glasi ilipoisha, nikaona mkono wangu umeshanyooka kuomba nyingine. Niliiweka ile glasi kifudifudi, nikaingia ndani kuosha sufuria zilizokuwa safi. Alipokuja kuniuliza kulikoni, nikamwambia wazi kwamba naogopa nitakuwa kama baba.

Hakucheka. Akafikiri, akasema, "Basi iwe glasi moja. Hata ukiililia, ya pili sikupi."

"Na nikijimiminia mwenyewe?"

"Namwita jirani."

Jirani yetu ni mama mmoja wa Kiislamu, mcha Mungu. Anajua vizuri kilichomo kwenye glasi zetu, ila kwa heshima hujifanya haoni. Angeitwa ashuhudie, angenihubiria mpaka Ijumaa. Nikakubali.

Nikaanza kujifunza sawasawa. Soda niliiacha mwenyewe, utamu wake ulinichosha. Nikajua kwamba nyeupe ikiwa baridi inapendana na samaki mwenye ndimu, na kwamba ile nyekundu iliyonikausha ulimi inakuwa laini ukitafuna kwanza pweza aliyeungua kidogo pembeni. Nikajifunza kunusa kabla ya kunywa, jambo nililokuwa naliona ni maringo ya wazungu. Lakini raha yangu ilikuwa na askari mlangoni. Katikati ya wiki, nikiwa napepeta mchele, nilijiuliza: unaitamani? Nikikosa jibu la haraka, siku nzima inaniharibikia.

Jumamosi moja mvua ilitushukia bila hata wingu la kutuonya. Makopa yetu ya muhogo, chakula cha miezi, yalikuwa yameanikwa uani kwenye mikeka. Tukakurupuka. Jirani naye akaja mbio na beseni lake. Tulizoa, tukabeba, mume wangu akateleza na mkeka akakaa kwenye tope, jirani akacheka mpaka ushungi ukamvuka. Tukaingia ndani tumelowa chapachapa, nikapika chai, tukakaa tukichambua makopa yaliyolowa mpaka adhana ikamwita kwake.

Alipoondoka, nikatoka kuingiza viti. Kwenye kigoda palikuwa na glasi yangu. Nilikuwa nimeinywa nusu tu, na mvua ilikuwa imeijaza pomoni, maji ya rangi ya waridi. Nilisimama pale kwenye tope nikiitazama. Tangu tuliposikia matone ya kwanza, haikunipitia akilini hata mara moja.

Baba angeyaacha makopa yaoze, lakini glasi asingeisahau.

Nikaimwaga. Nikaingia ndani na glasi tupu mkononi.

"Nimeisahau, baba watoto," nikamwambia, na machozi yalikuwa yananitoka. "Divai yangu. Nimeisahau kabisa."